Milango Juu ya Nyasi

Mshonaji alitoka asubuhi kuanika vitambaa alivyoloweka ili vinywee kabla ya kukatwa, akaukuta mkaratusi wa nyuma ya nyumba umeinama kuelekea dirisha la mama yake, kama mtu anayechungulia mambo yasiyomhusu. Upande wa pili mizizi ilikuwa imenyanyua udongo, na mpasuko ulioachwa ulitosha kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Alijua kwa sababu aliuingiza. Akautoa haraka, akajifuta kwenye kanga, akaenda kumtafuta mumewe.

Mumewe alikuwa amepiga magoti pembeni mwa nyasi zake, anapunguza ukingo kwa mkasi. Mkasi wenyewe ulikuwa wa kukatia vitambaa, na siku mbili mkewe alikuwa akiutafuta chini ya kila kitu.

"Mti umeng'oka nusu," mkewe akamwambia. "Na mkasi wangu lete."

Mtu huyu alikuwa ameendesha greda barabarani kwa miaka thelathini, na watu wote walimwita Greda, hata wale waliotakiwa kumwita baba. Alikuwa amekwangua nusu ya ardhi ya wilaya, akasukuma vichuguu, akafuta mashamba ya watu yaliyopitiwa na barabara. Alipostaafu alinunua mafungu mawili ya ukoka, akayachambua shina moja moja na kuyapanda kwa kijiti. Sasa nyasi zilijaa upande mzima wa nyumba, kutoka getini hadi nyuma, nzito na laini, za rangi moja. Wageni walipita kwenye mstari wa matofali pembeni, mmoja nyuma ya mwingine, kama wanaokwenda kuchanjwa. Mtu mmoja tu ndiye aliyekata katikati bila wasiwasi, naye ni mama mkwe, akichomeka fimbo yake hatua kwa hatua. Akipita yeye, Greda alikuwa na kawaida ya kuangalia mawingu.

Alikwenda kuuangalia mti. Aliuzunguka mara mbili, akaweka kiganja kwenye gome, akakubali kwamba hali ni mbaya.

"Tutamwita mtu wa kuupanda," akasema. "Atakata kidogo kidogo kutoka juu."

Fundi wa msumeno alikuja kabla ya saa sita. Aliugonga mti kwa mgongo wa panga, akatega sikio, akagonga tena chini zaidi. Mlio ulikuwa wa debe tupu.

"Mimi siupandi huu," akasema. "Hapa hakuna mti, kuna ganda. Mchwa wamekula wakamaliza, wakaaga. Lazima ushikwe juu na winchi ndipo nikate."

"Winchi ipite wapi?" Greda akauliza.

Fundi aliangalia nyasi. Mshonaji naye akaziangalia. Kutoka getini hadi kwenye mti hakukuwa na njia nyingine. Upande wa pili wa nyumba ulibanwa na ukuta wa jirani.

"Haipiti," Greda akasema, kwa sauti ya mtu aliyeombwa kitanda chake na mgeni asiyemjua.

Fundi akafungasha msumeno wake, akarudi kwa njia ya matofali.

Walipobaki wawili, mkewe alionyesha dirisha kwa kidole.

"Mama analala pale," akamwambia.

"Ahame chumba kwa muda."

"Haya, mwambie."

Greda akakuna kichwa. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwambia mama mkwe afanye jambo lolote, zaidi ya kumkaribisha chakula, na hata hapo alisema huku anaangalia sahani.

"Wewe ni mwanawe," akasema.

"Na wewe ndiye mwenye nyasi. Mimi nimemwambia tangu asubuhi. Amesema amelala chumba kile miaka saba, na mti ukimtaka utamkuta hapohapo."

"Winchi ina tani ngapi, unajua? Ikipita hapa mara moja, udongo unashindiliwa kama sakafu. Hata ukimwaga maji yanakaa juu. Mwaka mzima hupati kitu."

"Bwana Greda," mkewe akasema, na alimwita hivyo pale tu alipokuwa amefika mwisho wa subira, "nyasi hazina mama."

* * *

Winchi iliyopatikana karibu ilikuwa ya mwanamke. Alikuja kesho yake kupima mahali, bila mashine, kwa miguu: mfupi, amevaa buti za mpira na suruali iliyokunjwa mara tatu chini. Greda alipofungua geti uso ulimbadilika. Mshonaji, aliyekuwa barazani na cherehani, aliacha kukanyaga.

"Shikamoo, Mzee," yule mwanamke akasema.

"Marahaba." Halafu, akimtazama kuanzia buti hadi kichwani, "Kumbe ni wewe, Kiduchu."

"Ni mimi. Jina nimelibakiza, linaleta wateja."

Hakukanyaga nyasi. Alipita kwenye matofali hadi nyuma, akautazama mti, akarudi, akachuchumaa ukingoni. Akatoa bisibisi mfukoni, akaichomeka kwenye udongo. Ikazama hadi kwenye mpini.

"Unamwagilia lini?"

"Kila jioni."

"Acha tangu leo. Nipe siku nne za jua. Sasa hivi hata mkokoteni utaacha mtaro."

Greda alikuwa amefungua mdomo aseme hilohilo. Akaufunga.

"Nitaingia moja kwa moja," Kiduchu akaendelea, "sigeuzi hapa ndani. Nikimaliza natoka kinyumenyume kwenye njia ileile. Tunatandika mbao mwanzo hadi mwisho, tabaka mbili, ya juu ikatize ya chini, na miguu ya winchi nayo iwekewe mbao zake. Vipande vinavyoshuka tutavilaza juu ya matawi na matairi chakavu, visipige ardhi. Mbao zisikae zaidi ya siku moja, nyasi zisije zikaungua chini yake. Nakuahidi hutaona alama."

"Nani kakufundisha hivyo?" mshonaji akauliza kutoka barazani, maana mumewe alikuwa ameganda.

"Yeye. Alituambia udongo ukiukanyaga umeloa, unakaza roho, haukusamehe." Kiduchu akafuta bisibisi kwenye suruali. "Ilikuwa siku ileile aliyoninyima cheti cha kuendesha greda."

Mshonaji akamgeukia mumewe. Habari ya cheti hakuwahi kuisikia.

"Miguu yake haikufika kwenye breki," Greda akasema, akiyatazama mawingu, ingawa mama mkwe hakuwa akipita.

"Ilifika. Nilikuwa nimeweka mto mgongoni. Ukasema mbele ya madereva wote kwamba greda si sofa. Walicheka mwezi mzima." Alisema bila hasira, kama anayesoma vipimo. "Sasa, siku nne. Mbao ninazo za kutosha nusu ya njia. Nusu nyingine utazitafuta wewe."

Alipoondoka, mshonaji alirudi kwenye upindo wake. Alishona kwa muda, kisha akasema bila kuinua uso, "Greda si sofa."

"Yalikuwa maneno ya kazini."

"Nimesikia."

* * *

Siku ya kwanza ya jua Greda alikwenda kubisha mlango wa mama mkwe. Mkewe alisimama korido, kitambaa mkononi, akijifanya anatafuta pini.

"Mama," akaanza, akiongea na kitasa, "nilikuwa naomba, kama haitakuwa usumbufu, kwa muda mfupi tu, uhamie chumba kingine."

"Chumba gani?" mama mkwe akauliza kutoka ndani.

Hapo ndipo Greda alipogundua kwamba hakuwa amelifikiria. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, na cha tatu kilijaa cherehani, marobota na mwanasesere wa mbao aliyevalishwa gauni la mteja.

"Chumba chetu," akasema.

Mlango ukafunguka. Bibi alikuwa amekwisha funga kifurushi, mto ukiwa kwapani.

"Ningejua mtanipa chenye dirisha la mbele ningehama tangu mwaka jana," akasema, akawapita wote wawili.

Siku zile nne mume na mke walilala chini kwenye chumba cha cherehani. Greda aliamka na vipande vya uzi kwenye ndevu. Jioni, saa ya kumwagilia ilipofika, alitembea huku na huku barazani mikono nyuma, mpira wa maji umejiviringisha pale chini, na nyasi zikaanza kupauka nchani. Mkewe alimwona akizitazama kama mgonjwa aliyekatazwa kupewa chakula kabla ya operesheni. Alitaka kumcheka, kisha akaona hawezi.

Mbao ndizo zilizomsumbua. Seremala alimkopesha nne. Jirani alitoa mbili zenye saruji iliyokauka, na swali kama anajenga bandari. Greda alipima njia kwa hatua, akapima tena kwa futi ya mkewe, akarudi ndani. Siku ya kuamkia kazi mkewe alisikia bisibisi ikikwaruza. Alipotoka alimkuta ameung'oa mlango wa jikoni.

"Ni wa muda," Greda akasema. "Mbao hizi ngumu, huzipati tena siku hizi."

Akang'oa na wa stoo, wa chumba chao, wa chumba cha cherehani. Wa mama mkwe ndio uliokuwa mzito kuliko yote; aliubeba mgongoni kama konokono. Mkewe alimfuata hadi uani.

"Na wa choo?"

Greda akasita. "Umebaki upana wa mlango mmoja."

"Wa choo hapana. Nitakuachia nyumba."

Wa choo ukabaki. Pengo likazibwa na meza ya kukatia vitambaa, ubao wake wa juu peke yake, baada ya mazungumzo ambayo jirani aliyasikia yote.

Katikati ya shughuli hiyo akaja mteja, mama mmoja wa benki, kujaribu gauni. Alisimama kwenye chumba kisicho na mlango, gauni mkononi, akatazama nje. Mlango wake ulikuwa umelala nyasini, kitasa bado kikiwapo.

"Fundi," akauliza kwa adabu, "mmehamishwa?"

Mshonaji aliona masikio yake yanapata moto. Alishika kanga mbili, akazitanua pale mlangoni kwa mikono yake mwenyewe, akageuza uso nje. "Jaribu tu, dada. Mimi ndiye mlango."

* * *

Winchi iliingia asubuhi, polepole kuliko mtu anayetembea, upepo wa matairi umepunguzwa kidogo. Greda alitangulia mbele yake akirudi kinyumenyume, mikono juu, akimwongoza Kiduchu kwa ishara ambazo Kiduchu hakuzihitaji. Mbao zililia. Mlango wa mama mkwe ulipokanyagwa ulitoa mlio mmoja mrefu, lakini haukupasuka, na Greda akamtazama mkewe kwa fahari ya mtu aliyepata mtoto wa kiume. Mashine ikafika nyuma. Miguu yake minne ikashushwa kila mmoja juu ya mbao zake.

Vipande viwili vya kwanza vilishuka vizuri. Mnyororo ulivishika juu, fundi wa msumeno, aliyeitwa tena, akakata akiwa kwenye ngazi aliyoiegemeza kwenye winchi na si kwenye mti, kipande kikaelea hewani, kikazunguka, kikalazwa juu ya matairi kwa upole, mithili ya mtoto aliyelala garini. Greda aliinama kuchungulia chini ya matairi. Hakuna jani lililovunjika. Alinyoosha mgongo, na mkewe akamwona, kwa mara ya kwanza wiki ile, akitabasamu.

Kilibaki shina lenyewe, refu bado kuzidi paa. Mnyororo ulikuwa umekwisha fungwa juu yake. Fundi alishuka ngazini aanze kukata chini, na hakuwahi hata kuuwasha msumeno. Ardhi ilitoa sauti nzito, kama gunia lililoangushwa chumba cha pili. Mizizi ikaachia. Shina likageuka lenyewe, mnyororo ukakaza, na winchi nzima ikatikisika.

"Ondokeni," Kiduchu akasema kutoka dirishani, sauti imenyooka.

Shina lilikuwa linaning'inia mita chache kutoka kwenye paa la chumba kitupu. Mshonaji alikuwa anarudi nyuma, mkono kifuani, akijiambia chumba ni kitupu, chumba ni kitupu, na hapo akaona pazia la dirisha likisogea. Kisha akaona kilemba cha mama yake.

Walikuwa wamepanga chumba kile kifungwe kwa ufunguo tangu asubuhi. Lakini ufunguo ulikuwa wa mlango, na mlango ulikuwa chini ya gurudumu la winchi.

"Mama yumo ndani," akasema. Alidhani amepiga kelele. Ulikuwa mnong'ono.

Greda alimsikia. Aliangalia dirisha, aliangalia mguu wa winchi wa upande wa nyumba, ambao mbao zake zilikuwa zimeanza kuzama, na aliangalia matairi. Matairi yalikuwa upande uleule wa nyumba. Kulipeleka shina pale kulimaanisha kulipitisha juu ya paa. Upande wa pili, mbali na nyumba, palikuwa na sehemu moja tu ya kulishushia. Hapakuwa na mbao wala tawi. Ni nyasi tupu, ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, inayoonekana kutoka barazani.

Kiduchu naye alikuwa ameiona. Mkono wake ulikuwa kwenye mtambo lakini macho yake yalikuwa kwa Greda, na mshonaji alielewa kwamba yule mwanamke anakumbuka ahadi aliyoitoa.

Greda akatembea hadi katikati ya nyasi zake. Alitembea kwa buti, hakuchagua pa kukanyaga. Akasimama, akanyoosha kidole kwenye miguu yake mwenyewe, akainua mkono wa pili, akauzungusha kuelekea chini: shusha hapa. Kisha akakimbia kwa jinsi umri wake ulivyomruhusu.

Mkono wa winchi ukageuka. Shina lilipita hewani, mkia wake ukafagia mwisho wa paa na kuondoka na bati moja, na gurudumu la nyuma likateleza kutoka kwenye ubao likazama hadi nusu. Halafu shina likafika chini. Halikulazwa. Lilitua, na nyumba nzima ikaruka pamoja na vijiko vyake.

Vumbi lilipotulia, mama mkwe alikuwa amesimama kwenye uwazi wa mlango wake, redio ndogo mkononi.

"Nilikuja kuchukua hii," akasema. "Kule mbele haishiki." Akatazama pengo la bati juu ya kichwa chake, lililokuwa likipitisha mwanga, kisha akalitazama shina, na mtaro uliokuwa umekata nyasi vipande viwili, na yule mkwe wake aliyesimama pembeni. 

"Mwanangu," akamwambia Greda. Siku zote alimwita baba fulani, au hakumwita kabisa. "Njoo unishike mkono. Miguu imekataa."

Greda akaenda akamshika mkono. Akampitisha kwenye matofali, taratibu, hadi kwenye kiti cha barazani, na njia nzima hakuna aliyeangalia mawingu.

* * *

Mchana shina lilikuwa limekatwa magogo na kutolewa. Winchi ilitoka kinyumenyume, milango ikarudishwa ukutani kabla jua halijageuka, wa mama mkwe ukiwa na alama ya tairi kuanzia kitasani hadi chini. Kwenye nyasi palibaki mtaro wenye urefu wa chumba, na shimo la gurudumu lililojaa kivuli.

Kiduchu aliegesha mashine nje ya geti, akarudi kwa miguu. Alisimama ukingoni, kofia mkononi.

"Nilikuahidi hutaona alama, Mzee."

"Mimi ndiye niliyekupa ishara."

"Ungeweza kuniacha nijaribu matairi."

"Ungepita juu ya paa." Greda alikuwa amepiga magoti kando ya mtaro, akipapasa udongo uliobanwa, mgumu na wenye kung'aa. Hakuinua uso. Mafundi wawili wa Kiduchu walikuwa pale na kamba zao, mshonaji alikuwa barazani anamwaga chai, na mama mkwe anapandisha redio. Wote walisikia aliposema, "Na ile breki. Niliona mguu umefika. Nilikuona vizuri kabisa."

Kiduchu akazungusha kofia mikononi.

"Nilikuwa sijawahi kumpitisha mwanamke," Greda akasema. "Niliogopa watanicheka mimi. Basi nikawapa wewe wakucheke."

Mafundi walipata kazi ya haraka ya kukunja kamba. Mama mkwe alipunguza redio asikie vizuri zaidi. Kiduchu akaivaa kofia, akaenda kwenye stoo, iliyokuwa imerudishiwa mlango wake, akarudi na uma wa bustani. Alikuwa ameona kwamba ziko mbili, na nyingine iko tayari kando ya Greda.

Walianza kila mmoja upande wake. Kazi yenyewe haikuwa ya kugeuza udongo. Ilikuwa ya kuchomeka uma, kuulaza nyuma kidogo hadi ardhi inyanyuke na kuvuta pumzi, kuuchomoa, kusogea kiganja kimoja, kuchomeka tena. Nyasi zilizolala zilibaki na mizizi yake. Nyingine zingekufa, nyingine zingeinuka, na mvua ndiyo ingeamua zipi. Mshonaji alipeleka chai, akakuta haina wa kuinywa, akasimama na sinia.

Kiduchu alichomeka uma, akaulaza, akangoja.

"Hivi?" akauliza.

Mkewe alimwona Greda akiinua kichwa na kufungua mdomo. Alimjua mumewe. Alijua kwamba uma ule ulikuwa umelazwa zaidi kidogo ya anavyopenda yeye, na kwamba palikuwa na maelezo marefu yanayokuja, na mfano mmoja wa kule barabarani. Akajiandaa kuyasikiliza.

Greda akautazama uma, akamtazama aliyeushika.

"Hivyo hivyo, fundi," akasema, akasogea kiganja kimoja mbele.